JUHA WA REDIONI: UHAKIKI WA MASOMO YA SAUTI YA KIINGEREZA CHA KILA SIKU

Katika matawi yote ya ufundishaji wa lugha za kigeni, hakuna tawi lililojinasibu na uhai wa lugha kama somo la sauti. Kitabu, husemwa, humletea mwanafunzi lugha iliyokwisha kukaushwa mithili ya ng'onda juani. Santuri, kanda na redio ndizo zinazomletea lugha ingali mbichi. Dai hili si geni. Kampuni ya Linguaphone iliasisiwa London mwaka 1901, na tangu hapo kila chombo kipya cha kunasia sauti kimekuja na ahadi ile ile, kwamba safari hii mgeni atakisikia Kiingereza jinsi wenyewe wanavyokisema majumbani mwao. Ahadi hiyo yafaa ipimwe kwa kile kinachosikika hasa.

Uhakiki huu waelekezwa kwa aina moja tu ya masomo hayo, nayo ni kipindi kifupi cha sauti kinachokusudia kumfunza mgeni misemo itumikayo kila siku. Kielelezo kikuu ni kipindi cha BBC kiitwacho The English We Speak, ambacho huchukua dakika tatu hivi na hushughulikia msemo mmoja kwa wakati mmoja. Pembeni yake kitawekwa kipindi cha Sauti ya Amerika kilichoitwa Words and Their Stories. Vipindi vya namna hii aghalabu husifiwa kwa wingi wa wasikilizaji wake. Ni nadra kuhakikiwa kama kazi za sanaa, ilhali vina wahusika, vina msuko, vina vichekesho, na juu ya yote vina hadhira iliyopangiwa pa kukaa. Swali la kuuliza ni je, hadhira hiyo imekalishwa wapi?

Yafaa kwanza kurudi nyuma kidogo, maana wazee wa kazi hii walikuwa na wasiwasi ambao warithi wao wameusahau. Mwaka 1927 Linguaphone ilinasa sauti ya mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw akizungumzia Kiingereza kisemwacho. Shaw aliwaambia wasikilizaji jambo ambalo muuza santuri hangependa lisemwe ndani ya santuri yake: kwamba hakuna Kiingereza kimoja kilicho sahihi, kwamba yeye mwenyewe, akihutubia ukumbi, hulichunga kila neno lifike nyuma, lakini akiwa mezani na mkewe hutamka ovyo hata mkewe humkanya asimung'unye maneno, na kwamba mgeni afikaye Uingereza asijitaabishe kukisema vizuri kupita kiasi, kwa kuwa watu wakimtambua kuwa mgeni watamsaidia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1930, kampuni hiyo hiyo ilitoa mfululizo wa mazungumzo ya Kiingereza uliosimamiwa na Arthur Lloyd James, mwanafonetiki wa chuo cha lugha za mashariki cha London na katibu wa kamati ya BBC iliyoshauri juu ya matamshi. Katika somo moja, yeye na J.R.R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Oxford na ambaye bado hakuwa amechapisha hadithi zilizompa sifa duniani, waliigiza mazungumzo katika duka la tumbaku. Maprofesa wawili wakijifanya muuzaji na mnunuzi! Mtu aweza kucheka. Hata hivyo pale dukani palikuwa na kitu: mmoja ana haja, mwingine ana bidhaa, na lugha yapita kati yao kwa sababu kila mmoja anamtaka mwenziwe jambo.

BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, wakati wa vita. Sauti ya Amerika nayo, tarehe 19 Oktoba 1959, ilianzisha matangazo ya Kiingereza maalumu yaliyotumia msamiati wa maneno 1500 hivi, yakisomwa polepole, kwa kadiri ya theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Humo ndimo kilimozaliwa kile kipindi cha kusimulia asili za misemo ya Kimarekani. Hapa pana kinaya ambacho hakikuwasumbua watayarishaji. Msemo wa mtaani, ambao Mmarekani huutupa mdomoni bila kufikiri, ulisomwa neno baada ya neno kwa sauti ya mtu asomaye wasia mbele ya kadhi. Msikilizaji aliufahamu vyema. Siku alipokutana nao njiani ukikimbia kwa miguu yake yenyewe, hakuutambua.

Kipindi cha BBC hakina kosa hilo la mwendo, au tuseme hakina kwa kiasi kile. Kosa lake li katika msuko. Watangazaji wawili hukutana studioni. Mmoja hutumia msemo fulani, na mwenzake huuchukua maneno kwa maneno. Tuseme, kwa kufuata kanuni ya vipindi hivyo, msemo ni "you're pulling my leg", ambao Mswahili angeusema kwa kifupi tu, "wanitania". Basi yule wa pili huchungulia chini ya meza akautafuta mguu uliovutwa, au hukana kwamba hakumgusa mtu. Wa kwanza hucheka, humweleza maana, kisha huletwa mifano miwili mitatu yenye kusemwa na sauti nyingine. Mwisho yule asiyejua hujaribu kuutumia msemo, hufaulu au hukosea kwa namna ya kuchekesha, wanaagana, muziki unapigwa. Kanuni hii hubadilishwa hapa na pale, lakini anayesikiliza vipindi kumi mfululizo ataweza kuyatabiri maneno ya kile cha kumi na moja.

Mhusika wa pili ndiye wa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa yeye ndiye kiti alichoandaliwa msikilizaji. Ni juha. Hana hila, hana hasira, na hana lugha nyingine. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mgeni halisi anaposikia msemo asioujua hafanyi kama juha huyu. Hautafuti mguu chini ya meza, kwani katika lugha yake mwenyewe amezoea tangu utotoni kwamba watu hula njama bila kutafuna, hupiga moyo konde bila kukunja ngumi, na huvunjika moyo wakaenda zao kazini. Mtu wa namna hiyo anaposikia habari za mguu, jambo la kwanza analojua ni kwamba hapa pana fumbo. Asichojua ni lipi. Kumwigiza kama mtu ambaye hajapata kukutana na fumbo ni kumvua mavazi aliyokuja nayo ili avalishwe nguo za kuazima.

Wapenzi wa ngano za pwani watakumbuka kwamba kwetu mtu anayeyashika maneno kama yalivyo si juha hata kidogo. Abunuwasi aliporudisha sufuria ya jirani pamoja na kisufuria kidogo, akadai kwamba imezaa, jirani alikubali kwa tamaa. Alipoiazima tena akaleta habari kwamba imekufa, jirani hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu aliyekubali uzazi amekubali mauti. Huko kuyashika maneno kwa uso wake ni silaha ya mnyonge dhidi ya mwenye mali. Katika kipindi cha redio silaha hiyo hiyo imegeuzwa kuwa kilema cha mgeni. Haisemwi hapa kwamba watayarishaji walidhamiria dharau. Yaelekea walitaka kichekesho cha bei nafuu, nacho kikapatikana. Lakini kichekesho kinachorudiwa kila kipindi hugeuka fundisho, na fundisho lenyewe ni kwamba kutojua Kiingereza ni kutojua kusema.

Sasa tuiache sura ya juha, tutazame bidhaa anayouziwa. Neno "kila siku" katika masomo haya lina utata. Rosamund Moon, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1998, alipitia mkusanyo wa matini za Kiingereza wenye maneno milioni 18 akatafuta misemo isiyobadilika. Iliyo mingi kati yake ilitokea chini ya mara moja katika kila maneno milioni moja. Ile misemo mashuhuri kabisa, inayomjia kila mwalimu mdomoni anapoombwa mfano wa nahau, kama ule wa kupiga ndoo teke kwa maana ya kufa, ndiyo iliyokuwa adimu zaidi. Mtu aweza kuishi Uingereza miezi mingi asimsikie hata mmoja akisema kwamba mvua yanyesha paka na mbwa, isipokuwa mwalimu wa wageni.

Basi ni kipi hasa kinachosemwa kila siku? Jibu limo katika utafiti wa mazungumzo yaliyonaswa nchini Uingereza na Ireland chini ya Chuo Kikuu cha Nottingham, yapatayo maneno milioni tano, uliofanywa na Ronald Carter, Michael McCarthy na wenzao. Walipohesabu maneno yanayoandamana mawili mawili, ya mbele kabisa yalikuwa "you know" na "I mean". Haya si misemo ya kupendeza. Hayana asili ya kusimuliwa, hayana mabaharia wala wafalme ndani yake. Mtu akiyaandika katika insha atayakatiwa mstari mwekundu. Lakini ndiyo yanayobeba mazungumzo: la kwanza humvuta msikilizaji awe upande wa msemaji, la pili humpa msemaji nafasi ya kujirekebisha kabla hajarekebishwa. Mswahili anayo ya kwake: "ati", "yaani", "si unajua", "basi", "bwana", "haya". Mwondolee maneno haya, naye atasikika kama tangazo la kifo redioni.

Kipindi kinachodai kufunza Kiingereza kinachosemwa kikawaacha nje wasemaji wake wenyewe hawa wadogo, kimemsomea msikilizaji kamusi kwa sauti. Kila lisemwalo katika dakika zile tatu lingeweza kuchapwa katika ukurasa mmoja na mwanafunzi asipoteze kitu. Kwa kweli kurasa hizo zipo, kwani maandishi ya kipindi hutolewa pamoja na sauti, na ni mwanafunzi mwenye nidhamu ya ajabu atakayesikiliza kabla ya kusoma. Watangazaji wenyewe wanasoma. Hawaingiliani, hawasiti, hakuna aanzaye sentensi akaitupa njiani. Kile Kiingereza cha mezani kwa Shaw, ambacho mkewe alikilalamikia, bado hakijanaswa.

Hasara ya jambo hili huonekana vyema zaidi kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, na hapa yafaa kukaa kidogo. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hutamkwa kamili popote ilipo, mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mkazo hukaa aghalabu katika silabi ya pili kutoka mwisho, nayo silabi isiyo na mkazo haiporwi irabu yake. Kiingereza chafuata sheria nyingine. Silabi yenye mkazo hunenepa kwa kula jirani zake, na zile zilizoliwa hubaki na irabu moja hafifu isiyo na herufi yake maalumu katika alfabeti, ambayo ndiyo irabu itumikayo kuliko zote katika lugha hiyo. A.C. Gimson, katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya matamshi ya Kiingereza, aliyaeleza kwa utaratibu maneno madogo yenye sura mbili, ya nguvu na ya hafifu: "and", "of", "to", "for", "can" na mengineyo. Katika kusema kwa kawaida, kile kiungo kilicho katikati ya samaki na chipsi hubaki konsonanti moja tu ya puani; kikombe cha chai hupoteza nusu ya kiunganishi chake.

Mwanafunzi aliyesoma Kiingereza kwa macho, akakisema kwa kanuni za silabi za Kiswahili, haya yote hayamo masikioni mwake. Chukua mfano wa "can" na "can't" katika kinywa cha Mmarekani. Katika sentensi ya kukubali, "can" hufifia karibu kutoweka. Katika ya kukanusha, neno hukazwa, lakini ile konsonanti ya mwisho mara nyingi humezwa. Kwa hiyo tofauti kati ya ndiyo na siyo haikai kwenye herufi ambayo mwanafunzi alifundishwa kuitafuta. Inakaa kwenye uzito wa irabu. Mgonjwa aliyezoea irabu kamili humsikia daktari akisema "can" iliyokazwa, akaenda nyumbani kunywa dawa pamoja na maziwa, na daktari alikuwa amemkataza. Hakuna kitabu kinachoweza kulitibu tatizo hili, kwa sababu maandishi ndiyo yaliyolificha. Sauti ndiyo dawa yake ya pekee. Ndipo inaposhangaza kwamba chombo kilichojaliwa kuufanya mguu usikike unapofifia kimetumiwa kueleza mguu uliovutwa.

Pana la pili ambalo sauti ingeweza kulifunza nalo limeachwa, nalo ni uhusiano wa wasemaji. Bronislaw Malinowski, katika insha yake ya mwaka 1923, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno ya wanadamu haikusudii kuarifu bali kuunganisha. Dell Hymes naye, mwaka 1972, aliwakumbusha wanaisimu kwamba kuijua lugha ni pamoja na kujua nani husema nini kwa nani na lini hunyamaza. Mafunzo haya mawili yamekubaliwa katika kila idara ya isimu. Katika kipindi cha redio hayajabisha hodi. Wale watangazaji wawili wana umri gani? Nani mkubwa kazini? Mmoja aweza kumwambia bosi wake kwamba anamvuta mguu? Mifano inayoletwa katikati ya kipindi husemwa na sauti zisizo na mwili, kila moja sentensi moja au mbili, kisha hupotea.

Fikiria mwanafunzi kutoka Nairobi au Dodoma aliyefika katika mji wa chuo huko Uingereza. Jirani humwambia kwa uso mkunjufu kwamba hana budi kuja siku moja kula chakula cha jioni. Mwanafunzi hungoja siku itajwe, na siku haitajwi. Hapana neno gumu katika sentensi hiyo. Angeweza kuifasiri akiwa darasa la sita. Lililomponyoka ni kwamba mwaliko usio na siku, kwa watu wengi wa kule, ni namna ya kuagana vyema. Hana sababu ya kuwalaumu kwa unafiki, kwa maana kwao pwani wanaokula barazani humwita kila mpita njia "karibu", naye hujibu "starehe" akaendelea na safari yake. Mgeni atakayeketi na kunawa atapewa chakula, bila shaka, na atazungumzwa akishaondoka. Maneno haya mawili, mwaliko wa Mwingereza na ukaribisho wa Mswahili, yangeweza kufundishwa kwa sauti kwa uzuri mkubwa, kwa sababu dalili yake yote imo katika kiimbo, katika haraka ya kusema, na katika kitu kinachosemwa mara baada yake. Lakini hayafai kwa kipindi cha juha, maana hayana mguu wa kuchungulia.

Tena Kiingereza kimekwisha kuota misemo mingine huku Kenya, iliyozaliwa na uhusiano wa aina hiyo hiyo. Mtu aliyejikwaa huambiwa "sorry" na asiyehusika na kujikwaa kwake, kwa sababu aliyesema alikuwa na "pole" moyoni na Kiingereza hakikumpa chombo kingine. Rafiki asiyeonekana siku nyingi huambiwa "you are lost", naye hajapotea njia. Anayetoka chumbani husema "I'm coming" hali amewapa wenziwe kisogo, kwa kuwa angesema "nakuja". Kwa kipimo cha London haya ni makosa. Kwa kipimo cha Eldoret ni adabu. Jina la kipindi cha BBC lasema "Kiingereza tunachosema", nacho hakijajisumbua kueleza "sisi" hao ni nani. Si haki, hata hivyo, kumdanganya mwanafunzi kwamba "sorry" ya Eldoret itaeleweka Leeds. Huko aliyeambiwa atauliza mbona wajilaumu. Ajue yote mawili, na ajue mpaka u wapi.

Watetezi wa vipindi hivi wana hoja, na hoja zao si nyepesi. Dakika tatu ni dakika tatu. Msikilizaji yuko ndani ya matatu, amechoka, ametoka kazini; ataka kitu kimoja cha kukumbuka, na msemo wenye kuchekesha hukumbukwa. Isitoshe, nahau hata ikiwa adimu, ikitokea humzibia mtu njia, na aliyeijua ana nafuu kuliko asiyeijua. Yote haya ni kweli. Sifa nyingine ya vipindi hivi ni kwamba vimepatikana bure kwa mamilioni ambao hawangepata mwalimu wa aina yoyote. Lawama hapa si kwamba kipindi ni kifupi. Salamu moja ya Kiswahili, kuanzia "hodi" mpaka mgeni kuketi, haizidi dakika moja, na ndani yake mna sarufi, cheo, afya ya watoto na sababu ya safari.

Kenya yenyewe imepata kuona mfano wa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1985 Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikishirikiana na shirika la Academy for Educational Development la Marekani na kwa fedha za USAID, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza hadi la tatu. Mbinu yake ilitokana na masomo ya hesabu ya redio yaliyojaribiwa Nicaragua katika miaka ya 1970. Sauti ya redioni iliuliza, kisha ikanyamaza. Watoto wakajibu kwa pamoja, wakasimama, wakaonyesha, wakaimba. Sauti ikaendelea kana kwamba imewasikia. Kile kimya kilichopimwa ndicho uvumbuzi wenyewe. Mhakiki mkali atasema kwamba mazungumzo ambayo majibu yake yamejulikana kabla si mazungumzo, na atakuwa na haki. Mtoto aliyejibu tofauti hakuwa na wa kumsikia ila mwalimu wake. Lakini walau katika kimya kile aliyesikiliza alikuwa na mahali pake katika somo, nalo halikuwa kiti cha juha. Vipindi vya misemo vya leo, pamoja na vyombo vyao vyote, havinyamazi hata kwa muda wa pumzi moja.

Jambo hili lawagusa wanakiswahili kwa karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Masomo ya sauti ya Kiswahili kwa wageni yana historia yake. Mwaka 1963 Taasisi ya Huduma za Kigeni ya Marekani ilichapisha kozi ya msingi ya Kiswahili iliyotungwa na E.W. Stevick pamoja na J.G. Mlela na F.N. Njenga, nayo iliandamana na kanda. Ina mazoezi mengi ya kubadili neno moja moja ndani ya sentensi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, na leo mazoezi hayo huchosha. Hata hivyo ndani ya kanda zile mgeni aliketishwa kama mtu aliyekuja kufanya kazi na watu. Masomo mapya ya Kiswahili yanayorekodiwa siku hizi yameanza kuiga kipindi cha dakika tatu: methali moja, asili yake, mifano miwili, muziki. Mgeni hutoka humo na "haraka haraka haina baraka", akaisema kwa kondakta wa matatu.

Wala hawakuanza wageni. Shuleni kwetu mtoto hukaririshwa orodha za nahau na tashbihi ili azipachike katika insha, na mtahini hukutana na mwandishi mchanga asiyeweza kusimulia ajali aliyoiona kwa macho yake pasi na kutanguliza methali mbili na jua lililochomoza kwa mbwembwe. Mtoto huyo nyumbani ni msimuliaji hodari. Amefunzwa kwamba lugha nzuri ni ile yenye mapambo yanayohesabika, na hapo yu mwanafunzi mmoja na msikilizaji wa London.

Chukua neno "haya". Kamusi hulimaliza kwa mstari mmoja au miwili. Likisemwa kwa kushuka sauti ni kukubali. Likikatwa ghafla ni amri. Likivutwa irabu ya mwisho, na msemaji akatazama kando, ni onyo kwamba utakachokipata umekitafuta. Likisemwa mwanzoni mwa simu ni mlango wa maamkizi; likirudiwa mara mbili tatu, kila mara chini kidogo, ni mlango wa kuagana. Mgeni aliyelijua neno hili katika sauti zake zote angestahimili siku nzima sokoni Kongowea kuliko mwenziwe mwenye methali hamsini. Somo lake lisingehitaji juha, bali kinasa sauti kilichoachwa wazi, watu wawili wenye jambo la kuambiana, na mtayarishaji mwenye uvumilivu.

Uvumilivu huo hujaribiwa hasa mwishoni. Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, katika makala yao ya mwaka 1973, walionyesha kwa kutumia simu zilizonaswa Marekani kwamba mazungumzo hayakatiki tu. Hufungwa kwa hatua. Mmoja hutoa dalili kwamba hana jipya, mwingine huikubali au huleta habari nyingine, na ni baada ya makubaliano hayo tu ndipo kwaheri huwezekana. Mgeni asiyezijua hatua hizo ama huonekana ametupa simu, ama hubaki ameishika hali mwenziwe amekwisha kumwaga mara tatu. Katika The English We Speak watangazaji huaga kwa neno moja, pamoja, kwa furaha, nao hawaagani wao kwa wao bali huaga kipaza sauti. Wanawake wawili wa Mji wa Kale, Mombasa, wakisindikizana mlangoni, watasema "haya" ya kwanza wakiwa ukumbini, ya pili wakivaa viatu, na habari yenyewe iliyomleta mgeni, ile ya mkopo au ya mchumba, itatajwa baada ya ya tatu, mkono ukiwa juu ya komeo.